Samaki Aliyebaki Jina

Mama yangu alikuwa mkweli kupita kiasi. Ukimuuliza kama shati limekukaa vizuri, alikuambia halijakukaa, hata kama umeshalivaa na uko njiani kwenda harusini. Lakini kila asubuhi, akishapanga samaki kwenye karai lake pale mtaani Nyalenda, Kisumu, karibu na bomba ambapo akina mama walipanga foleni na mitungi yao, alifungua kinywa akasema uongo mmoja.

"Ngege! Ngege wa leo! Ngege!"

Kwenye karai hapakuwa na ngege hata mmoja. Walikuwa nyamami watupu. Kwa asiyetoka kwetu, wote wawili ni tilapia na sioni sababu ya kumlaumu akishindwa kuwatofautisha. Ngege ndiye mwenyeji, samaki aliyekuwa ziwani kabla ya babu zetu. Nyamami aliletwa kutoka maji mengine, akazaana, akajaa kila mahali. Baadaye akaja mbuta, yule sangara mkubwa, na tumbo lake lisiloshiba. Mimi nilipozaliwa, ngege alikuwa amekwisha kutoweka kwenye nyavu za Kisumu. Jina lake halikutoweka. Watu walilipenda, kwa hiyo akina mama wa sokoni wakamvisha mgeni jina la mwenyeji, na biashara ikaendelea.

"Kizuri chajiuza," nilimwambia siku moja, nikiwa mwanafunzi wa chuo mwenye maneno mengi.

"Nani alisema? Kizuri kinaitwa," alinijibu. "Nikiita nyamami, nani atasimama? Watu wananunua jina. Samaki ni kitu wanabebanga tu nyumbani."

Kabla ya siku hiyo mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliodanganywa. Nilikula nyamami utoto wangu wote nikijua ni ngege, na nilikwenda chuo kikuu na imani hiyo hiyo. Siku mhadhiri aliponisahihisha mbele ya darasa, nilirudi nyumbani nimevimba. Mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa pindo la leso. Kisha akaniambia kwamba alipokuwa msichana mdogo alimla ngege wa kweli, aliyechemshwa na mama yake kwenye chungu cha udongo, bila mafuta, bila nyanya, na kwamba mpaka leo hajala kitu kingine kinachostahili kuitwa samaki. Alisema hivyo huku akimgeuza nyamami kwenye sufuria, bila aibu yoyote.

Kazi yangu ni mbu. Mama aliwatania majirani kwamba mwanawe alisoma, akasoma, mwishowe akaajiriwa na mbu. Katika maabara yetu tunasoma jeni zao ili kujua ni wepi wameshazoea dawa. Nilipoanza, ilitubidi kupeleka sampuli ng'ambo kwa ndege na kusubiri majibu mpaka tusahau tulikuwa tumeuliza nini. Siku hizi tuna mashine ndogo kuliko simu. Unaichomeka kwenye kompyuta, nayo inakusomea herufi za DNA hapo hapo mezani, umeme wa Kisumu ukiruhusu. Herufi ni nne tu, zikirudiwa kwa mpangilio wake, na mpangilio huo ndio unaomfanya mbu kuwa mbu na samaki kuwa samaki.

Halafu kuna maktaba ya mtandaoni. Haina mlango wala ada. Wanasayansi wa dunia nzima huweka humo herufi za viumbe walivyovisoma, na mtu yeyote, hata aliyeketi mtaani Mamboleo, hapa Kisumu, na kifurushi cha data cha siku moja, anaweza kubandika za kwake, akabofya, na kabla chai haijapoa akaambiwa zinafanana na za nani. Niliiamini maktaba hiyo kama wengine wanavyoamini kanisa. Bado naiamini, ila sasa namsikiliza pia aliyeketi kando yangu.

Figo za mama zilipoanza kushindwa, nilimhamishia kwangu Mamboleo. Alikwenda hospitali kuketi kwenye mashine ya kusafisha damu, akarudi amechoka kama mtu aliyelima shamba la mwingine. Madaktari walimkataza chumvi. Mke wangu, mpishi ambaye sijawahi kuona sufuria yake ikirudi na mabaki, akaanza kupika vya mama peke yake bila chumvi, na mama akaanza kulalamika.

"Hii chakula haina kitu ndani," alikuwa akisema. "Ni kama kutafuna gazeti."

"Ni chumvi, Mama. Daktari amekataza," mke wangu alimjibu kwa upole, kisha akaja jikoni kunung'unika kwangu.

Alikuwa anakula kidogo, halafu kidogo zaidi. Daktari alituita kando, mimi na mke wangu, akatuambia bila kuzungusha maneno: asipokula hatakuwa na nguvu za kustahimili ile mashine. Tumpe chochote kinachoruhusiwa ambacho roho yake inataka. Tulirudi nyumbani tukamuuliza roho yake inataka nini.

"Ngege," alisema. Akaniangalia usoni. "Yule wa ukweli. Si yule wangu. Nikimla huyo, nitakula na hiyo ingine yote. Nimeahidi."

Nilifurahi. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilifurahi kama mtoto aliyeulizwa swali analolijua. Kwa mara ya kwanza mama alikuwa ameomba kitu ambacho elimu yangu ingeweza kukileta mezani.

Wa kwanza nilimpata kwa mfugaji mmoja wa Ahero, mzee mchangamfu aliyekuwa amechimba bwawa kando ya mashamba ya mpunga. Aliapa kwa kaburi la baba yake kwamba samaki wake walitokana na ngege wa zamani. Nilikata kipande cha pezi, nikakipeleka maabara, nikabandika herufi kwenye maktaba. Jibu la juu kabisa lilikuwa jina la kisayansi la ngege, na kando yake asilimia mia moja. Sikusoma zaidi. Nilikimbia nyumbani na samaki na kompyuta.

Mke wangu alimchemsha. Mama alichukua kipande cha nyama ya mgongoni, akakiweka mdomoni, akakitafuna huku amefumba macho.

"Ooyo," alisema. Hapana. "Hii ni nyamami."

"Mama, kompyuta inasema ni ngege. Asilimia mia."

"Kwani kompyuta imekula?"

Mke wangu aligeukia ukutani ili nisimwone akicheka. Nilirudi kazini na hasira zangu, nikafungua majibu yale upya, safari hii nikateremka chini ya ule mstari wa kwanza. Herufi zile zile zilifanana asilimia mia na za nyamami wengi, wa nchi nyingi. Jina la ngege lilikuwa moja tu, limesimama peke yake juu kama jogoo wa jirani aliyepotea njia. Nilifungua maelezo yake. Mtafiti fulani, miaka iliyopita, alikuwa ameandika mahali alikompata samaki wake: alinunuliwa sokoni, Kisumu.

Nilicheka hadi wenzangu wakainua vichwa. Mtu alikuja kwetu kutoka mbali na vifaa vyake vya gharama, akamuuliza mama wa samaki, "Huyu ni nani?" akaambiwa, "Ngege," akaandika ngege. Uongo wa sokoni ulikuwa umepanda hadi mbinguni kwa wataalamu, ukapewa namba.

Nilimsimulia mama jioni. Alicheka pia, akasema, "Labda ni mimi niliuzia huyo mtu." Kisha akaacha kucheka. "Kwa hivyo uongo yangu imefika dunia nzima."

"Si wewe peke yako, Mama. Soko lote lilikuwa linasema hivyo."

"Toa hiyo kitu huko."

"Siwezi kuitoa, ni ya mtu mwingine. Naweza tu kumwandikia."

"Basi andika. Mwambie kuna mama ameomba msamaha." Hakuwa anatania. "Unajua tulimmaliza vipi yule samaki? Angekuwa amekufa na jina lake, watu wangeuliza, ngege ameenda wapi? Lakini sisi tulikuwa tunaita jina kila asubuhi. Nani atatafuta mtu anaitwa kila siku na anaitika?"

Sijawahi kusikia hoja ya uhifadhi wa viumbe iliyonigusa kama hiyo, na nimehudhuria mikutano mingi yenye chai na biskuti. Lakini kilichobaki kichwani mwangu siku ile kilikuwa kingine: ulimi wa mama ulikuwa umeishinda maktaba. Nikaapa kwamba tangu hapo, katika jambo la ngege, mwenye neno la mwisho ni yeye. Nilijiona nimepata busara.

Wa pili alichelewa. Ngege wa kweli bado yuko, hilo wataalamu wanalijua. Amejificha kwenye maji madogo ambako mbuta hakufika. Mojawapo ni Kanyaboli, ziwa dogo lililo kando ya kinamasi cha Yala. Mvua zilikuwa kubwa mwaka huo, barabara zikakatika, na mama akaendelea kupungua. Alikuwa akiniuliza kila nikirudi kazini, "Umemwona?" kana kwamba namtafuta mtu wa ukoo. Swali hilo ndilo lililokuwa likimfanya akubali uji kidogo asubuhi.

Barabara zilipokauka nilikwenda mwenyewe, nikarudi na samaki ndani ya barafu. Nilisoma kipande kile kile cha DNA. Safari hii nililinganisha kwa makini, mstari kwa mstari, na herufi za samaki mmoja wa zamani aliyehifadhiwa kwenye spiriti ng'ambo, ambaye watu wa huko walimsoma na kumweka wazi mtandaoni. Zilifanana. Nyamami hakuonekana hata karibu.

Lakini kipande tunachokisoma kwanza hurithiwa kwa mama peke yake. Samaki anaweza kuwa na mama ngege na baba nyamami, nacho kikakuambia ngege na kunyamaza kuhusu baba. Na wageni hao wameoana sana na wenyeji. Kujua upande wa baba kunahitaji kusoma jenomu nzima, yaani herufi zake zote, kazi ya majuma. Mama hakuwa na majuma ya kuchezea. Nikampeleka samaki jikoni.

Kabla hajapikwa, mama aliomba kumwona. Nilimletea kwenye sinia, pale kwenye kiti chake cha dirishani sebuleni. Alimshika mkia, akaupanua kwa vidole kama feni, akautazama dirishani. Mkia wa nyamami una mistari. Huu haukuwa nayo.

"Haa," alisema polepole. Akampapasa kichwa, shingo, tumbo. "Haa. Nyathina." Mwanangu. Uso wake ulibadilika mbele yangu; nilimwona msichana ambaye sikuwahi kumjua. Alituambia tumchemshe vile mama yake alivyomchemsha, na chumvi asitiwe hata tungeruhusiwa, kwa kuwa ngege alikuwa na chumvi yake mwenyewe. Mke wangu alifuata kila neno. Alikuwa amekwisha kutafuta chungu cha udongo.

Mama aliketi wima, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku kadhaa. Alikula kipande cha kwanza, akangoja. Akala cha pili, cha tumboni penye mafuta. Akanywa mchuzi kwa kijiko. Sisi wawili tulikuwa tumesimama kama washtakiwa.

Aliweka kijiko chini.

"Si yeye," alisema.

"Mama, umeuona mkia."

"Mkia ni yake. Lakini ndani si yeye. Hakuna kitu ndani." Aliisukuma sahani, si kwa hasira, kwa adabu, kama mgeni aliyeshiba. "Basi amekwisha. Nilikuwa nadhani wamebaki mahali. Kumbe mimi niliuza jina na yeye alikuwa amekwisha kitambo."

Nilipaswa kubishana. Mimi hubishana na kila mtu. Hubishana na askari wa barabarani. Lakini nilikuwa nimeapa kumwachia neno la mwisho, nami nikaona kila kitu kikiingia mahali pake: mkia wa ngege, ladha isiyo ya ngege, basi baba yake ni nyamami. Ulimi umegundua kabla ya mashine. Nilimwambia hivyo, tena kwa fahari. Nilimwambia, "Mama, huenda uko sawa, huyu ni chotara," nikamweleza habari ya upande wa baba. Alitikisa kichwa kukubali.

Hakuniuliza tena kama nimemwona. Nilianza kusoma jenomu nzima ya samaki yule siku iliyofuata, nikitafuta herufi za nyamami zitakazothibitisha ulimi wa mama, nikitamani kumletea jibu hilo kama zawadi. Yeye akaacha uji. Alikuwa akisema ameshiba. Tulimpoteza kabla majuma hayo hayajaisha.

Tulimzika nyumbani, kando ya baba. Watu walikuwa wengi, wateja wake wa Nyalenda walikuja kwa basi zima, na mama mmoja wa sokoni alisimama akasema marehemu ndiye aliyekuwa na ngege watamu kuliko wote Kisumu. Watu waliitikia kwa vilio. Nilitazama chini.

Niliporudi kazini, jenomu ilikuwa imekamilika. Niliiweka kando ya jenomu ya nyamami, ambayo iko wazi mtandaoni, na kando ya ngege wa zamani. Nilitafuta baba nyamami. Sikumwona. Nilirudia, nikabadilisha njia, nikamwomba mwenzangu arudie bila kumwambia natafuta nini. Samaki yule alikuwa ngege kwa mama na kwa baba, ngege mtupu, yule yule wa utoto wake.

Siku chache baadaye nilikwenda hospitali kurudisha kiti cha magurudumu tulichokuwa tumeazima. Muuguzi aliyemhudumia mama kwenye mashine alinipa pole, tukaketi kwenye benchi tukimkumbuka. Alisema mama alikuwa mcheshi hadi mwisho. Alikuwa akiwatania kwamba sukari ya hospitali haijui kazi yake.

"Sukari?" nilimuuliza.

"Alikuwa anaweka vijiko vingi na bado anasema haisikii. Figo zikichoka, ulimi nao unabadilika. Wengi wao wanasema chakula ni kama karatasi, wengine wanasikia chuma tu. Hamkuona nyumbani?"

Tuliona. Alituambia kila siku, kwa maneno hayo hayo, kwamba chakula hakina kitu ndani, ni kama kutafuna gazeti. Sisi tukasema ni chumvi. Hata yule wa Ahero alimkataa kwa bahati tu; ulimi ule ungemkataa samaki yeyote.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mimi nimemlea huyu wangu akawa mtu mzima. Ninajua alivyokufa: akiamini samaki wake amekwisha, na kwamba yeye alishiriki kummaliza. Ningeweza kumwambia, "Mama, ndiye, ni ulimi wako unaoumwa." Herufi nilikuwa nazo. Lakini nikijaribu kuyasema maneno hayo sasa, hapa mezani, nakwama. Ningempokonya kimoja ili nimpe kingine. Angekufa akijua ngege yupo na kwamba hatamwonja tena kamwe, hata akiwekewa mdomoni. Sijui lipi lingekuwa jepesi kwake. Ninachojua ni kwamba nilimchagulia bila kujua kwamba kulikuwa na la kuchagua, na hilo linaniuma.

Nimempakia samaki wake kwenye maktaba. Yuko pale sasa, jenomu nzima, mwenye kutaka amsome. Penye mahali alikopatikana nimeandika Kanyaboli, na penye jina la kienyeji nimeandika ngege, kwa haki safari hii. Nilimwandikia pia yule mtafiti wa zamani, kama nilivyoagizwa. Alijibu kwa uungwana, akarekebisha jina. Sikumwambia kuhusu mama anayeomba msamaha. Sikujua ningeanzia wapi.

Juzi nilikwenda tena Kanyaboli, nikarudi na ngege mmoja. Mke wangu alitaka kumpika, nikamwambia hapana, nitampika mimi. Kwetu mwanamume mzima kukaa jikoni akikoroga chungu ni kichekesho, na mama angekuwa wa kwanza kunicheka. Nilimchemsha kwenye kile chungu cha udongo, bila mafuta, bila nyanya, bila chumvi. Nikakaa pale pale kwenye kigoda nikala kipande cha mgongoni, kisha cha tumboni penye mafuta, nikanywa mchuzi.

Alikuwa mtamu. Nilifumba macho kama mama alivyofumba, nikangoja. Mimi nilikulia kwenye nyamami wa karai lake. Sijui ngege anapaswa kuwa na ladha gani. Mke wangu alisimama mlangoni akaniuliza, "Ndiye?"

Nilitafuna polepole, nikageuka kumtazama yule ambaye angejibu, na kule sebuleni kiti chake cha dirishani kilikuwa kitupu.